Chungu Kimoja, Nyumba Mbili

Mtu akitoka Goma kwa njia ya Rutshuru, akaupita uwanja wa ndege, huanza kuukwea mteremko wa mawe meusi, na kabla jasho halijamtoka vizuri amekwisha kufika Munigi, ambako nyumba za mbao zimesimama juu ya mwamba uliokuwa moto, na kila ua umezungushiwa mawe yale yale yaliyotoka tumboni mwa Nyiragongo, mlima wa volkano. Hapa hakuna mto wala chemchemi, kwa maana mvua ikinyesha hunywewa na nyufa za mwamba. Maji hununuliwa kwa bidoni la lita 20, makala ya kupikia hununuliwa, unga hununuliwa. Na juu ya hayo yote, jioni ikiingia utasikia michi ikitwanga sombe nyumba kwa nyumba, na katika nyumba nyingi watakaokula ni wengi kuliko wenye nyumba. Maneno haya nayaandika kwa ajili yako wewe unayetaka kugawana na jirani chakula unachokipika kila siku: bugali, sombe, maharage, lengalenga na sambaza, maakuli yale yanayomrudishia mtu pumzi baada ya siku ya mashaka. Pilau ya arusi na nyama ya sikukuu zina taratibu zake na watu wake. Mimi nasema juu ya chungu cha Jumanne.

Kabla ya kufika mekoni, sharti nikueleze nilivyojifunza jambo hili, kwa sababu nililijifunza mara mbili, na mara ya pili kwa fedheha. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipopasuka, moto ukateremka hadi Buhene kwenye ukingo wa mji na kuteketeza nyumba kwa maelfu, na siku tano baadaye, serikali ilipoamuru sehemu kubwa ya Goma ihamwe kwa hofu ya mripuko mwingine, tulikuwa miongoni mwa walioishika njia ya Sake kwa miguu, godoro kichwani. Mama mmoja wa huko, asiyetujua kwa jina wala kwa kabila, alitufungulia mlango. Jioni ile hakutuletea sahani. Alinipa ungo wa maharage akasema, “Dada, chambua mawe, mimi niwashe mbabula,” yaani jiko la makala, na mwanangu mkubwa akamtuma kuchota maji. Tulipokaa kula, mkono wangu haukuwa mzito kuingia katika sahani, kwani kazi yangu ilikuwa imekwisha kutangulia chunguni.

Mwisho wa mwaka 2022, watu wa Rutshuru na Kibumba walipokimbia vita wakajaa Kanyaruchinya, na wengine wakateremka hadi kwetu, mimi nilifanya kinyume cha yale niliyofanyiwa. Jumapili moja nilipakua wali na nyama ya mbuzi katika sahani iliyo nzuri kuliko zote nilizonazo, nikaifunika kwa kitambaa, nikampelekea mama mmoja aliyekodi chumba ng'ambo ya ua wetu pamoja na watoto wake watano. Aliipokea kwa mikono miwili. Kesho yake sahani ilirudi, imesuguliwa kwa majivu mpaka inang'aa, na ndani yake mayai manne. Na kuku mwenyewe nilikuwa nimemwona, mmoja tu, aliyekuja naye kutoka Kibumba amefungwa miguu juu ya mzigo. Watoto wale walinyimwa mayai yao ili sahani yangu isirudi tupu. Tangu siku ile sikumpelekea tena sahani. Nilimpelekea habari kwamba majani ya sombe ni mengi na mikono yangu ni miwili tu, je, angeweza kuja na ya kwake? Alikuja kabla maneno hayajanitoka mdomoni.

Basi kanuni ninayokupa ni hii, na mengine yote yatakayofuata ni matawi yake: mshirikishe jirani chungu kabla ya kumshirikisha sahani. Sahani inayovuka ua humfanya mmoja kuwa mpaji na mwingine kuwa mpokeaji, na mpokeaji mwenye murua hatalala mpaka amelipa, hata kama malipo yatatoka vinywani mwa wanawe. Wazee walisema mgeni apewe siku mbili, ya tatu apewe jembe, na waliosema hivyo walikuwa na mashamba. Lakini hapa petu juu ya mwamba, mtu aliyeiacha kabichi yake shambani Kibumba utampa jembe alime wapi? Mpe mchi. Mpe ungo, mpe mwiko, mpe mtoto wako ambebe wakati wewe unapuliza moto. Munigi imewapokea watu waliokimbia tangu Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa katika kambi iliyokuwa hapa na kipindupindu kikawaua wengi mno, na katika miaka yote hiyo sijaona njia nyepesi zaidi ya kumwondolea mtu aibu ya kulishwa kuliko kumwachia sehemu ya kazi.

Anza na sombe, kwa sababu ni kitoweo kisichopikika vizuri na mtu mmoja mwenye haraka. Chagua majani machanga ya mhogo yaliyo karibu na ncha, uyachambue vikonyo, uyaoshe kwa maji mawili, kwani hapa majani huwa na vumbi jeusi la barabara na pengine majivu ya mlima. Kisha uyachovye katika maji ya moto hata yalegee, ndipo yaingie kinuni pamoja na vitunguu majani, pilipili mboga, bilinganya moja na punje chache za kitunguu saumu. Watwangaji wawili wenye michi miwili, wakipokezana, huimaliza kazi ile kwa nusu ya muda, na hapo ndipo mazungumzo hupatikana bila kutafutwa: mtu asiyeweza kukueleza yaliyompata ukimwuliza uso kwa uso, aghalabu huyaeleza macho yake yakiwa kinuni.

Ukiinjika sombe, usiifunike upesi. Majani ya mhogo yana sumu ya asili, ambayo hufunguka yanapotwangwa na kutoka pamoja na mvuke yanapochemka. Kwa hiyo yatie katika maji mengi, yaache yachemke wazi, na ukiongeza maji yawe ya moto. Baada ya saa moja na nusu au zaidi, yakiwa yamelainika na harufu ya ubichi imekwisha, tia mawese, chumvi, na karanga za kusaga kama zimepatikana. Sumu hii si ya kuchezewa hata katika mizizi: mhogo mchungu usioloweshwa siku kadha wa kadha kabla ya kuanikwa na kusagwa, ukiliwa siku nyingi na watu wasio na kitoweo cha kutosha, huleta konzo, maradhi ya kulemaa miguu ghafula, ambayo daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938 kwa yaliyoonekana Kwango, magharibi ya nchi yetu ya Kongo. Nalitaja hili khasa kwa ajili ya yule anayewalisha watu waliofika na njaa: usinunue unga wa bei ya chini kupita kiasi kwa mtu usiyemjua, na kama unga una ladha chungu ulimini, usiwape watu.

Maharage yana tabia nyingine. Mama mmoja aliyetoka Kisangani, aliyezoea maharage ya kwao, aliniuliza kwa nini ya Goma hayaivi; na jawabu ni kwamba Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na Munigi imepanda kidogo zaidi, na kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo; hapa hutokota kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, na nyuzi hizo tano zilizopungua ndizo zinazokula makala yako. Yaloweke tangu usiku, uyamwage maji ya kuloweka, uyainjike katika maji mapya. Kisha ufanye jambo ambalo watu wengi hulidharau mpaka walione: yakiisha kutokota kwa nguvu kama nusu saa au dakika arobaini, lifunike sufuria vizuri, uliteremshe likiwa bado linatokota, ulitie ndani ya kapu kubwa lililotandikwa majani makavu ya migomba, ulizungushie blanketi kuukuu, ulifunike juu kwa blanketi jingine, ukaliache saa tatu au nne. Maharage yatajiivisha kwa joto lake mwenyewe, na wewe utakuwa umeokoa nusu ya makala, ambayo mengi yake, kama ujuavyo, yalikatwa katika misitu ya Virunga, hifadhi iliyotengwa tangu mwaka 1925 na ambayo miti yake haioti kwa kasi ya njaa yetu. Hadhari moja tu: ule mtokoto wa mwanzo usiupunguze, kwa maana maharage mekundu yasiyochemshwa sawasawa huumiza tumbo, na kabla ya kupakua yarudishe motoni mpaka yatokote tena.

Kapu hili ni rafiki mkubwa wa kugawana. Nyumba mbili zikiwa na mbabula moja, sufuria la maharage likiwa ndani ya kapu, moto huwa umebaki wazi kwa bugali na mboga, na hakuna anayemngoja mwenzake kwa uso uliokunjamana. Sisi tumefikia mahali ambapo jirani huleta makala siku moja na mimi siku ya pili, yeye huloweka na mimi napika. Na hesabu hiyo hatukuiandika popote.

Sasa juu ya kipimo, maana wengi hukosa kugawana kwa kuogopa kupungukiwa, na huogopa kwa sababu hawajapima. Kilo moja ya unga huwatosha watu wazima watano hata sita. Kilo moja ya maharage makavu huwatosha wanane hata kumi. Kama nyumba yako ina watu saba na ya jirani ina sita, huo ni ugeni wa kilo moja ya unga hivi na robo tatu ya kilo ya maharage, wala haufikii kile mtu alichokihofu usiku kitandani. Pima kabla ya kuwasha moto. Ukipima baada ya watu kuketi, utaanza kuwahesabia matonge, na jicho linalohesabu huonekana hata gizani. Nami hutia kopo moja la unga juu ya kipimo kila siku, pasipo kujua ni la nani. Siku nyingine huwa la watoto asubuhi, lakini mara nyingi kuna mtu hubisha hodi.

Bugali yenyewe, kwetu, ni unga wa mihogo uliochanganywa na wa mahindi; mihogo huleta ule mvutano wa ulaini na mahindi huleta shibe. Mgeni akitoka mahali wanapokula mihogo mitupu, au mahindi matupu, mwulize anavyopenda, na siku moja moja umsongee kwa kadiri ya kwao, au umpe mwiko asonge mwenyewe. Ni jambo dogo. Lakini nimemwona mzee wa Rutshuru akila bugali ya mahindi aliyosongewa na bintiye katika mbabula yangu, akainamisha kichwa kwa kitambo, kisha akasema, “Aksanti, mama,” akarudi kula, na wala hatukuongeza neno.

Lengalenga, yaani mchicha, haina siri: ioshe, uikate, uipike upesi na nyanya na kitunguu, wala usiiache motoni hata igeuke rangi.

Samaki ndipo pana hila ya kugawana, nami nataka nikae hapa kidogo. Sambaza hawa, samaki wadogo wa fedha tunaowapenda, hawakuwamo katika Ziwa Kivu zamani za mababu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaana hata wakawa kitoweo cha watu wote. Huvuliwa usiku kwa taa, kwa kuwa hufuata mwanga, na kwa sababu hiyo hiyo siku za mbalamwezi huadimika na bei hupanda. Mtu anayelisha wengi na autazame mwezi kabla ya kupanga fedha zake. Wabichi ni watamu wakikaangwa kwa mafuta ya moto sana, na chumvi na ndimu, wakaliwa na kichwa na mifupa. Lakini ukiwa na kilo moja kwa watu kumi na watatu, ukiwaweka juu ya sinia wakaonekana, utakuwa umewaita watu kwenye mtihani: mwenye adabu atajizuia, mwenye njaa ataona haya, mtoto ataenda mbio, na mama wa mtoto atamfinya paja. Watie ndani ya mchuzi. Kaanga kwanza, kisha uwachanganye katika nyanya, kitunguu na pilipili, au wakavu uwatwange wakaingia katika sombe. Kila tonge litaondoka na ladha ya samaki na hakuna atakayejua nani kapata wangapi. Hata kipande kimoja cha samaki wa tomsoni, kikichambuliwa miiba na kupondwapondwa katika mchuzi, huwapita watu wote.

Wakati wa kupakua, pakua kwanza cha wale watakaokula kwao, wala usingoje wa nyumbani washibe, kwa sababu chini ya chungu hubaki ukoko na mtu anayepewa ukoko kila siku hujua alipo katika moyo wako. Watoto wape sahani yao mbali na ya watu wazima, wadogo pamoja na wadogo, kwani mtoto wa miaka mitatu hawezi kushindana na mkono wa kijana wa kumi na mitano. Na kabla ya yote, kunawa: usiweke beseni moja ambalo kumi watatumbukiza mikono ndani yake, kama tulivyozoea kwa ubahili wa maji; bali mtu mmoja ashike birika na amiminie kila mkono, kwa sabuni, maji yaangukie beseni. Birika moja dogo huwatosha watu wengi, na maji yale ya beseni yatasafisha sakafu au kumwagiwa mche wa ndizi. Katika mji ambao kipindupindu hurudi mara kwa mara, sinia la pamoja bila mikono safi si ihsani.

Uliza pia imani na maradhi ya watu, tena uliza mapema, kabla ya sokoni. Jirani Mwislamu hali nguruwe wala nyama asiyojua ilichinjwaje. Waadventista, ambao ni wengi Kivu, hawali nguruwe wala samaki wasio na magamba kama kambare, lakini sambaza hula. Mwenye vidonda vya tumbo ataumizwa na pilipili yako, basi pilipili ipondwe kando katika kibakuli. Mama anyonyeshaye aongezwe mchuzi pasipo kuuliza.

Juu ya ile desturi ya sahani kurudi na kitu, nisikilizwe vizuri, kwa maana siidharau. Pwani, katika mwezi wa Ramadhani, futari huvuka kutoka nyumba hadi nyumba chini ya kawa, mikononi mwa watoto, na kila sahani hujibiwa kwa sahani. Ni jambo zuri, na huwa zuri kwa sababu nyumba zile, kwa kadiri fulani, zinaweza kujibizana. Penye nyumba moja yenye ghala na nyingine yenye mzigo mmoja uliookolewa, desturi ile ile huwa kodi. Kwa hiyo, ikiwa huna budi kupeleka sahani, kwa kuwa jirani ni mgonjwa au ana mzazi aliyejifungua, peleka katika chombo cha plastiki kisicho na thamani, na usiende kukidai. Au mwambie tangu mlangoni, “Mama, sahani hii naihitaji sasa hivi, hamisha chakula nirudi nayo,” naye atakuwa amepata udhuru wa kuirudisha tupu.

Wala usidhani kwamba maakuli haya ni ya unyonge. Wajukuu wa Waafrika waliochukuliwa utumwani hadi majimbo ya kusini ya Marekani, mpaka leo hupika majani mabichi muda mrefu pamoja na kipande cha nyama iliyokaushwa kwa moshi, wakayala kwa mkate wa unga wa mahindi wanaouchovya katika mchuzi wa majani yale yale, na kunde wanazozila zina asili ya Afrika, zilizovuka bahari pamoja nao. Waliopewa kidogo kabisa wakakifanya kuwa chakula ambacho watoto wao hukitamani wakiwa mbali na nyumbani. Mtoto wa Kibumba anayekua leo ng'ambo ya ua wangu, akiulizwa uzeeni ni chakula gani kinachomliwaza, nadhani atataja sombe.

Mwisho, usiahidi kila siku ikiwa unaweza siku tatu. Sisi tulipatana Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, siku nyingine kila nyumba na chungu chake, na kwa ajili hiyo tumedumu. Waliotangaza kuwa mlango wao u wazi kila jioni niliwaona wakiufunga kabla ya mwezi kwisha, na kufunga mlango uliokuwa wazi huumiza kuliko kutoufungua. Siku isiyo ya chungu cha pamoja, salamu zibaki zile zile, na moto uombwe kama kawaida.

Watu wakiisha kula, aliyepika asioshe vyombo. Hiyo ni zamu ya nyumba ya pili. Makala yaliyobaki yafukie kwa majivu, yatawasha mbabula asubuhi. Kinu kioshwe, kigeuzwe kinywa chini kisiingie mvua, kikae katikati ya ua mahali ambapo nyumba zote mbili zinaweza kukifikia bila kubisha hodi, na mchi wa pili uegemezwe kando yake.